Saa Moja ya Mama Aikande

Mmenipa saa ya ukutani. Kati ya zawadi zote anazoweza kupewa muuguzi anayestaafu, vitenge, sufuria, hata mbuzi, mkachagua saa, mkaifunga kwa karatasi ya maua na utepe, na aliyenikabidhi akasema kwa sauti ya hafla, "Sista Eliwaza, sasa muda ni wako." Nilicheka mpaka baadhi yenu mkadhani nalia. Kule nyuma nilimwona Dokta Tarimo mabega yanamtikisika, uso ameuficha kwenye ratiba ya sherehe, nikajua tuko wawili tu ukumbini tunaoelewa kwamba saa, kwangu mimi, ni uchokozi.

Wengine wenu mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya utafiti wa baridi yabisi na ndugu zake. Basi nimekaa barazani kwangu Rau, miguu nimeiweka juu ya kigoda, sina zamu leo, sina zamu kesho, na nina furaha ya mtoto aliyeambiwa mwalimu hajaja. Vyeo sitavitaja. Vilikuja, vikachelewa, vikanikuta nikiwa na kazi nyingine. Nitawasimulia siku ya kwanza, vifaa tulivyotumia, na kosa langu moja kubwa lililokaribia kumnyima mama wa Old Moshi sindano zilizokuwa zinamrudishia mikono yake. Kosa lenyewe nililifanya kwa kujivuna, kwa hiyo nalisimulia kwa raha zote.

Nilitoka wodi ya wazazi. Huko mtu anaingia na maumivu, anatoka na mtoto, hesabu imekwisha. Nilipopelekwa kliniki ya maungio nilidhani nimepewa likizo: vizee, magoti, dawa ya kuchua. Dokta Tarimo, daktari wa kliniki ile, alinikalisha akanieleza ugonjwa kwa maneno ambayo nimewapa wagonjwa mpaka leo. Alisema kuna baridi yabisi ya uzee, ile ya kuchakaa, na kuna hii yetu, ambayo askari wa mwili waliowekwa kulinda wanaanza kuwapiga wenye nyumba. Wanaanza na vidole, wanapanda viwiko, mabega, wakiachwa wanafika mpaka mapafu. Haichagui wazee. Inampata mama wa miaka thelathini na mbili anayenyonyesha, na asubuhi hawezi kufunga nepi.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwembamba, amevaa sweta mbili na kilemba cheupe. Nikaenda kumpokea mlangoni kwa adabu zote nilizofunzwa nyumbani. "Shikamoo bibi!" Mkono wa kulia mbele, wa kushoto umeshika kiwiko, na nikaubana mkono wake vizuri ili ajue nimelelewa. Hakupiga kelele. Alisema "Marahaba" huku machozi yanamtoka yenyewe, na akaendelea kuniuliza habari za nyumbani kwa heshima ileile.

"Sista," Dokta Tarimo akasema kwa upole bibi alipokwisha kukaa, "umemsalimia au umemkamata?"

Ndipo nikafundishwa salamu ya kliniki yetu. Mgonjwa wa maungio habanwi mkono. Unatandaza kiganja chako juu, unasubiri, yeye anaweka wake juu ya wako kwa kadiri anavyoweza. Nimeona vijana wawili kati yenu bado mnabana. Acheni.

Somo la pili lilikuwa dole gumba. Kwenye utafiti tunahesabu maungio ishirini na nane, mabega mpaka magoti, na kila moja linabonyezwa ili mgonjwa aseme kama linauma. Ukibonyeza kidogo, kila mtu amepona. Ukibonyeza sana, kila mtu anaumwa, wewe mwenyewe ukiwemo. Kipimo ni ukucha wako: bonyeza mpaka ukucha uwe mweupe, hapo hapo simama. Dokta aliniambia nikafanye mazoezi nyumbani, nami kwa bidii ya ugeni nikafanya mazoezi kwenye mkungu wa ndizi uliokuwa unaivishwa jikoni. Jioni mume wangu akaukuta una alama kila mahali, akauliza kama siku hizi tuna panya mwenye cheti.

Nguvu ya kushika tuliipima kwa mashine ya presha. Hatukuwa na kile kipimo cha kisasa chenye mshale, kwa hiyo tulikunja ule mkanda, tukaufunga kwa plasta, tukaujaza upepo kidogo, na mgonjwa akaukamua huku tunasoma zebaki inapanda. Nilipenda sana kifaa kile. Akina mama walikikamua kama chuchu ya ng'ombe, kwa vidole vinavyofuatana kutoka juu kwenda chini, na zebaki ilikuwa inaruka kwa mafungu. Mtaalamu mmoja mgeni aliyetutembelea aliandika kwamba wagonjwa wa Moshi wana mkamuo wa ajabu usiojulikana kwenye vitabu. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza.

Na kulikuwa na vidonge vile vidogo vya madukani, vinavyotuliza kila kitu kwa wiki tatu na kuuvimbisha uso uwe wa mviringo. Wagonjwa waliporudi kliniki na mashavu yamejaa, jamaa zao walikuja wamejaa fahari. "Dokta, ona alivyonawiri!" Ilinichukua miaka kujifunza kuwaambia watu kwamba kunawiri huku si kuzuri, bila kuonekana nina wivu.

Sasa tufike kwenye dodoso, maana hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Ulipokuja utafiti wa sindano, tulipewa dodoso la kuwauliza wagonjwa hali zao, limetungwa ng'ambo. Kazi ya kuliweka kwa Kiswahili nikapewa mimi, kwa kuwa nilikuwa nasema sana vikaoni. Swali moja lilikuwa: Je, unaweza kufungua mlango wa gari? Nilipolijaribu kwa mzee mmoja alinitazama kwa makini akasema, "Gari la nani?" Jingine liliuliza kama mgonjwa anaweza kuingia na kutoka kwenye beseni la kuogea. Bibi mmoja wa Uru akafikiri, akaniuliza taratibu, "Mtu mzima anaingia kwenye beseni kutafuta nini?"

Nikayafuta yote mawili kwa furaha. Nikaweka kumenya ndizi mbichi, kukamua, kufunga kanga, kubeba mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka bondeni mpaka kihambani, kwenye migomba ya nyumbani. Wazee tuliowajaribia walikuwa wanajibu kabla sijamaliza kusoma. Kamati ya utafiti ikanisifu. Nikavimba kichwa, na kichwa kilipokwisha kuvimba nikafika kwenye swali la kukakamaa.

Ugonjwa huu unakakamaza viungo asubuhi, na urefu wa muda huo ndio unaokuambia moto ndani ni mkali kiasi gani. Mtaalamu wa lugha wa kamati alikuwa ameandika: Asubuhi, viungo vyako hukakamaa kwa saa ngapi? Mimi nikasema hicho Kiswahili kimevaa tai. Bibi wa mlimani akisikia "kwa saa ngapi" atauliza ndiyo nini. Tuseme kama watu wanavyosema: Viungo hukakamaa mpaka saa ngapi? Pale mbele nikaacha kisanduku cha kuandikia tarakimu.

Wenye akili mmeshaona. Sisi tulikuwa kumi na mmoja kwenye meza ile, na hatukuona. Mtu mwingine akarudisha tafsiri yangu kwenye Kiingereza, kama kanuni inavyotaka, ikatoka kwamba ni mpaka muda wa saa kiasi gani, sawasawa na mwanzo. Tukapongezana. Tukanywa soda.

Wagonjwa wakaanza kujibu. Saa moja. Saa mbili. Saa moja na nusu. Kila jibu lilikuwa na akili, maana kukakamaa kwa saa moja au mbili ndiko vitabuni kunakotarajiwa. Masikio yangu yalikuwa yameshahamia kwenye kisanduku. Nilisikia "mpaka saa mbili" nikaandika 2, nikaenda swali linalofuata. Mzee mmoja wa hapa hapa Rau alijibu, "Mpaka saa kumi na mbili." Nikaandika 12. Dokta Tarimo alipoipitia fomu akasikitika kwa sauti. Saa kumi na mbili za kukakamaa! Tulikuwa tunamletea kiti chenye mto, tunamsindikiza mpaka getini, na yeye mzee wa watu, mwenye mwendo mzuri kuliko wote, alikuwa anashangaa heshima hii imetoka wapi.

Mama Aikande aliingia kwenye utafiti siku ya mvua, kutoka Old Moshi, ameshikwa mkono na binti yake Aikande mwenyewe. Alikuwa na miaka sitini hivi, mrefu, mwenye macho ya kucheka hata anapoumia. Mikono yake ilikuwa imevimba kwenye vifundo mpaka kanga alikuwa anafungwa na binti. Alinieleza kwamba haombi kupona. "Mimi nataka nimenye ndizi zangu mwenyewe, mwanangu. Huyu Aikande anazimenya anaacha nusu kwenye ganda." Binti akasema, "Mama!" Tukacheka wote watatu, na tangu hapo nikawa namsubiri kila Alhamisi ya zamu yake.

Sindano zilikuwa za kila wiki mbili, na hazikupatikana popote nje ya utafiti. Mwezi wa pili alikuja amejifunga kanga mwenyewe. Mwezi wa nne aliniletea mtori kwenye chupa ya chai, ndizi kamenya yeye, na akasimama mbele yangu mpaka nimalize ili aone uso wangu. Maungio yenye uvimbe yalitoka kumi na saba yakabaki matatu. Damu ikatulia. Mimi nilikuwa natembea kwenye korido kwa furaha mpaka wa maabara wakaniuliza kama nimeolewa upya.

Kanuni ilisema hivi: baada ya miezi sita, anayeendelea na sindano ni yule ambaye vipimo vyote vitatu vimesogea, yaani maungio, damu na kukakamaa kwa asubuhi. Asiyefikia anatolewa, dozi zake anapewa mwingine anayesubiri. Barua ikaja kutoka makao makuu ya utafiti. Mama Aikande anatolewa. Maungio yamesogea, damu imesogea, kukakamaa hakujasogea hata kidogo: mwezi wa kwanza saa moja, mwezi wa sita saa moja.

Nilimfuata mratibu wetu, Bwana Lyimo, ofisini kwake. Ni mtu mwema, lakini kanuni kwake ni chakula. "Sista, mimi sijasema hajapata nafuu," akaniambia. "Fomu ndiyo inasema. Na fomu umejaza wewe." Nikamwomba basi nikamwambie mama mimi mwenyewe, nyumbani kwake, asije akaisikia barua ile mapokezi mbele za watu. Akakubali.

Nilipanda Old Moshi asubuhi na mapema kabla hajatoka kwenda shambani. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na kila nililopanga lilikuwa baya. Nilimkuta kwenye benchi la jikoni, amezungushia vidole kikombe cha chai ya moto, redio ndogo iko dirishani inapiga kwaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu ndani. Aika, asante kwa kuja. Ila usinipe kazi bado." Akanionyesha vidole, vimejikunja kidogo kuzunguka kikombe. "Saa moja bado."

"Saa moja bado?"

"Si unaniuliza kila mwezi? Mpaka saa ngapi, mpaka saa ngapi. Nimekwambia saa moja. Subiri uone."

Nikakaa. Sikuelewa. Kwaya ikaisha. Redio ikalia ile milio yake, msomaji akasema ni saa moja kamili, na Mama Aikande akaweka kikombe chini, akainua mikono yote miwili mbele ya uso wangu, akaikunja ngumi, akaifungua, akaikunja, akaifungua.

"Habari ikianza tu, inafunguka," akasema. "Siku nyingine inachelewa mpaka matangazo ya vifo. Lakini ni mara chache."

"Mama," nikasema, na sauti yangu niliisikia inatoka mbali, "leo umeamka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu. Siku hizi nalala bwana, Aikande ananigongea mlango."

"Na zamani? Kabla ya sindano?"

"Zamani maumivu yalikuwa yananiamsha saa kumi. Nakaa hapa hapa na kikombe hiki, nasubiri habari."

Ndugu zangu, nilipiga kelele. Nilimkumbatia yule mama kwa namna ambayo kliniki yetu imeikataza kabisa. Kutoka saa kumi mpaka saa moja ni saa tatu nzima za mateso! Kutoka kumi na mbili na nusu mpaka saa moja ni nusu saa! Mwanamke alikuwa amepona mbele ya macho yangu, na mimi kila mwezi nilikuwa namwandikia 1, 1, 1, kwa mwandiko mzuri. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya ndoo ya maziwa, ng'ombe kwenye zizi lililopakana na jiko akageuka kunitazama. Mama Aikande naye akacheka sana, halafu akauliza tunacheka nini.

Nilipomweleza, kicheko kiliniisha. Nilimwambia habari ya barua, na kwamba kosa ni langu, si la mtu mwingine. Akaitazama mikono yake. "Kwa hiyo naweza kunyimwa?" Nikamwambia ndiyo, inawezekana. Akakichukua tena kikombe ingawa chai ilikuwa imekwisha.

Nilishuka mjini nikaenda moja kwa moja kwenye kabati la mafaili. Kuna jambo lilikuwa linanizunguka kichwani tangu kwenye ndoo ile, na nililikuta ukurasa wa nne. Dodoso letu lilikuwa na sehemu ya usingizi ambayo hakuna aliyeijali: Umeamka saa ngapi leo? Tulikuwa tumeiuliza kila mwezi, kwa kila mgonjwa, na kuijaza kwa uaminifu. Ukurasa wa pili ulikuwa na saa ya kufunguka, ukurasa wa nne saa ya kuamka. Kilichobaki ni kutoa moja kwenye nyingine, hesabu ya darasa la tatu. Nikatoa kwa Mama Aikande, ikaja kama alivyosema. Nikatoa kwa mzee wa Rau, anaamka saa kumi na moja na nusu: dakika thelathini tu! Mgonjwa wetu mahututi, mwenye kiti cha mto, alikuwa mzima kuliko wahudumu wake.

Nilimwita Dokta Tarimo. Alisoma kurasa zile mbili mara tatu, akavua miwani, akainama juu ya meza, nikadhani amepatwa na kitu. Alikuwa anacheka bila sauti. "Eliwaza," akasema alipopata pumzi, "tumemsindikiza yule mzee mpaka getini mwaka mzima."

Bwana Lyimo hakucheka, na alikuwa na haki. "Fikiria unavyosikika," akaniambia. "Mshiriki unayempenda anatolewa, na siku mbili baadaye unakuja na hesabu mpya inayombakisha. Mimi nakuamini. Wale wa huko hawakujui." Alinikataza kugusa fomu hata moja. Tulikubaliana kwamba kosa liripotiwe lote, kwa majina yetu, na kila mshiriki aulizwe upya alikuwa na maana gani, na muulizaji awe mtu asiyejua matokeo tunayotaka. Akaletwa muuguzi kutoka kliniki ya macho, dada mkavu asiyetabasamu. Faili zikafungwa, tukaanza kusubiri kamati ya maadili.

Sindano ya Mama Aikande ilikuwa Alhamisi inayofuata. Alhamisi ikaja, ikapita.

Nilichofanya siku ile hakimo kwenye mwongozo wowote wa utafiti. Nilikata jani la sale kwenye uzio wangu, nikalifunga fundo kama baba yangu alivyokuwa akifanya, nikapanda nalo Old Moshi. Kwetu ukimpelekea mtu sale, umemwomba msamaha kwa namna ambayo hawezi kuikataa. Wadogo zangu wa mjini msiolijua, ni lile jani refu la mpakani mnalopigia picha. Mama Aikande alilipokea kwa mikono miwili, akalichomeka juu ya mlango.

"Sale limepokelewa," akasema. "Yameisha hayo. Sasa sindano iko wapi?"

Nikamwambia bado tunaisubiri kamati. Wiki ya pili aliniambia kwenye simu kwamba habari inasomwa mpaka mwisho, na michezo, na hali ya hewa, ndipo vidole vinafunguka. Niliogopa sana. Nilikuwa nafikiri juu ya vidole vile kila nilipofunga kifungo cha gauni langu la kazi, na nilijiambia kwamba kama ningeliacha lile swali na tai yake shingoni, mama huyu angekuwa anamenya ndizi.

Dada wa macho alimaliza kuwauliza washiriki wote siku ya kumi na mbili. Alileta karatasi zake akaziweka mezani, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. "Wote," akasema. "Wote walikuwa wanawatajia saa ya ukutani. Mmoja ameniuliza kama ninyi hamna saa huko kliniki."

Kamati ikakubali. Makao makuu yakakubali, na yakatuma barua ndefu yenye maneno makali ambayo niliisoma nikiwa nimesimama, kwa furaha, kila mstari. Kukakamaa kutahesabiwa kwa kutoa saa ya kuamka kwenye saa ya kufunguka. Mama Aikande arudishwe kwenye sindano mara moja.

Bwana Lyimo ndiye aliyempigia simu. Alisema ni wajibu wa mratibu, lakini alifunga mlango kwanza, na tuliokuwa koridoni tulisikia vigelegele vya upande wa pili vikipita kwenye simu na kwenye mbao.

Alikuja siku ya pili yake na Aikande, amevaa gauni la Jumapili siku ya Ijumaa. Kwa kuwa dodoso limebadilika, kila mshiriki alitakiwa kusomewa fomu ya ridhaa upya na kuikubali upya. Nikamsomea yote, nikaita mtu wa mapokezi awe shahidi, na nikafungua kile kidau cha wino wa dole gumba nikakisogeza mbele yake. Kwenye faili lake, siku ile ya mvua alipojiunga, nilikuwa nimeweka alama kwenye kisanduku cha asiyejua kuandika, na chini yake kuna dole gumba lake, la buluu, limepinda kidogo.

Akakitazama kidau. Akakirudisha kwangu kwa kidole kimoja.

"Nipe kalamu."

"Mama, kumbe unajua kuandika?"

"Nimekuwa katibu wa kwaya ya usharika miaka kumi na minane," akasema. "Mihutasari yote, na nyimbo zote, nimeandika kwa mkono. Nani amekwambia sijui?"

"Wewe mwenyewe. Siku ya kwanza."

"Mimi?" Akamgeukia binti yake, akanigeukia mimi, na macho yale yakaanza kucheka. "Mimi nilikwambia siwezi."

Nikampa kalamu. Aliishika kwa vidole vitatu, akasubiri kidogo, akaandika: Eliapenda Samweli Macha. Ulikuwa mwandiko wa kulala, wa shule za zamani, herufi zimeshikana mikono, na M ina mkia. Jina lilijaza kisanduku likatoka nje, likapita mstari wa tarehe, likaishia kwenye nafasi ya shahidi. Mtu wa mapokezi akauliza asaini wapi sasa. Mama Aikande aliinua kalamu, akaitazama kazi yake, akasema fomu hii ni ndogo, niangalie kama nina karatasi nyingine. Nikampa. Akaandika tena, akaomba nyingine.